Wati zaidi kwenye amplifaya ya valvu: nunua chuma kabla ya kioo

Mwaka jana nilinunua valvu (zile taa za kioo zinazokuza sauti) nne za aina ya KT88 nizipachike mahali pa zile za EL34. Amplifaya yangu inafuata mchoro wa Dynaco Stereo 70 wa mwaka 1959, wati 35 kila upande, na muuzaji aliniapia nitafika 60. Fundi alipopima kwa oskiloskopu, vilele vya wimbi vilikatika palepale pa zamani, yaani wati hazikuongezeka.

Wati zinaamuliwa na volti zinazolisha valvu, pamoja na mzigo ambao transfoma ya kutolea sauti inaziwekea. Mimi nilibadili kioo tu, hivyo viwili nikaviacha vilivyo.

Kwa hiyo kwa anayetaka wati zaidi, nafasi ya kwanza naipa transfoma hiyo ya kutolea sauti, ndiyo chuma chenyewe, na hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawaligusi: wati hizo ni kwa hezi ngapi? Masafa yakishuka nusu, chuma kilekile kinabeba robo tu ya nguvu kabla ya kushiba usumaku na kuharibu sauti. Transfoma ya wati 40 kwa hezi 60 inabaki na wati 10 kwa hezi 30. Ndiyo maana besi inavurugika huku sauti ya mwimbaji bado safi. Mimi ni mtu wa Hammond, watengenezaji wa transfoma wa Kanada, na sifichi. 1650N yao ni ya wati 60, na wanaandika wazi kwamba nguvu hiyo yote ipo kuanzia hezi 30. Hesabia pia transfoma kubwa zaidi ya umeme, ile inayolisha valvu volti, na kazi mpe fundi: mle ndani mna volti zaidi ya 400, na kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa waya ukutani.

Spika ni za pili, na kama hutaki kufungua amplifaya ndizo za kwanza. Kutoka wati 35 hadi 60 unapata desibeli 2 na ushee. Ukitoka spika inayotoa desibeli 87 kwa wati moja ukaenda ya 93, ni kama umezidisha wati mara nne.

Valvu peke yake ni za mwisho. KT150, valvu kubwa zaidi, ndiyo ya kuogopa: utambi wake (waya wa kuipasha moto) unakula hadi ampea 2, wa EL34 ampea 1.5. Zidisha kwa nne uone mzigo unaoitwisha transfoma ya umeme ya zamani.



Kinachoniuma ni bei. Chuma kinasafirishwa kwa kilo, ushuru juu yake, halafu unakuta tangazo la transfoma nyepesi kama kopo la maziwa, imeandikwa "wati 50" basi. Nilimwandikia muuzaji mmoja kuuliza ni kwa hezi ngapi. Alinijibu kwamba rangi ya dhahabu pia ipo.