Uzoefu wangu na injini mbili kuukuu za boti, Perkins za dizeli: zinakunywa kiasi gani na zinasumbua wapi

Pale Mtwapa watu wananiuliza sana hiyo boti ya kizamani ninayoiendesha inakunywa dizeli ngapi, na wengi wakiuliza washajijibu wenyewe, wanatingisha kichwa kabla sijafungua mdomo. Basi naandika mara moja, nikiulizwa tena natoa simu.

Boti ni ya fiberglasi, futi 36, ya Uingereza mwaka 1976, tani kama 10 ikijaa maji na mafuta. Ndani kuna Perkins 4.236 mbili, hazina tabo, hospawa 72 kila moja. Hiyo namba ni silinda 4 na inchi za ujazo 236, yaani kama lita 3.9 hivi. Mimi ndiye nahodha na mimi ndiye fundi, mwenye boti anakaa Nairobi anashuka Disemba na sikukuu, kwa hivyo tangu 2019 mimi na hizi injini tunajuana mpaka kikohozi.

Kupima nilianza kwa kutupa pesa. Nilinunua kimita kile cha kuunga kwenye paipu ya mafuta, kikaniambia mambo ya ajabu, kumbe dizeli inayopanda kwa pampu si yote inachomwa, ingine inarudi tenki, na kimita kinahesabu yote tu. Ukitaka mita lazima uwe na mbili, ya kwenda na ya kurudi, utoe hesabu. Nikaachana nayo nikachonga kijiti cha mkoko, kila nikimimina jerikani la lita 20 napiga alama. Kijiti hakijawahi kunidanganya.

Sasa hesabu, injini zote mbili pamoja, chini ya boti pakiwa safi. Mizunguko 1500 kwa dakika inakupa noti 6 na nusu (noti ya mwendo ni maili moja ya baharini kwa saa), lita 8 kwa saa. Mizunguko 1800 noti 7 na kidogo, lita 12. Ukikanyaga mpaka 2200 unapata noti 8, na hapo zinakunywa lita 21. Soma tena hiyo. Noti moja na nusu ya mwendo inakula noti za Kenya zaidi ya mara mbili, sababu hii ni boti ya tumbo, haipandi juu ya maji kama zile za kasi, ukiisukuma inajichimbia shimo inakaa nalo, pua juu matako chini, inapandisha kilima cha maji siku nzima.

Chukua safari ya maili 40 ya baharini, kama kwenda Kilifi na kurudi hivi. Pole pole ni lita 50 kasoro, masaa 6 na dakika chache. Kwa fujo ni lita 105, masaa 5. Mwaka juzi mwenyewe akanambia nahodha ongeza mwendo, wageni wana njaa, nikamwambia bosi sawa, ila hiyo saa moja unayoitaka inauzwa jerikani karibu 3. Akanyamaza. Na ilikuwa EPRA, wale wa serikali wanaopanga bei ya mafuta, wametoka tu kutangaza bei mpya tarehe 14, akaagiza wageni wapewe matunda.

Kuna watu watakwambia zima injini moja utaokoa nusu. Nimejaribu wiki nzima. Kwa mwendo ule ule nilishuka kutoka lita 8 mpaka 7, basi, maana panga (propela) la ile iliyozimwa linavutwa kama ndoo na usukani unaukaza upande mmoja muda wote mpaka bega linauma. Na gia boksi zingine hazitaki kuzungushwa injini ikiwa imezimwa, hazipati oili, kwa hivyo uliza kwanza.

Jambo ingine, hesabu kwa saa, usihesabu kwa maili. Msimu wa kusi mkondo unakimbia kaskazini, ukienda Kilifi unajiona hodari, ukirudi ndio utajua. Na magamba yanayoota chini ya boti! Nikikaa miezi 4 bila kukwangua, mizunguko ile ile 1500 inanipa noti 5 na nusu, na nikivuka 2000 eksozi inatoa moshi mweusi. Hapo usikimbilie kufungua nozeli. Subiri bamvua, maji yakitoka sana, ilaze mchangani, kwangua kabla maji hayajarudi, moshi utaondoka wenyewe.

Haya, kusumbua. Kwa hiyo miaka yote injini zenyewe kwa ndani hazijanilaza baharini hata siku moja. Vilivyonilaza ni vitu vya pembeni. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Juni, kusi limechafuka, tuko nje ya mlango tunarudi, injini ya kushoto ikaanza kupanda na kushuka mizunguko ikazima, dakika 5 baadaye ya kulia nayo, maana zote zinanyonya tenki moja. Mawimbi yalikuwa yamekoroga uchafu wa chini, filta zikaziba tii. Nikatupa nanga, mwamba nauona nyuma unavyopiga povu, nikabadilisha filta, nikapampu kile kilever kidogo cha kutoa hewa, wallahi mikono ilikuwa inatetemeka mpaka spana inagonga gonga. Tulipofungua tenki tulitoa tope jeusi kama uji wa wimbi. Ni vijidudu, vinaishi pale maji na dizeli vinapokutana. Na maji mengi yalitoka kwa kituo kimoja nilichokuwa naponunua, sitakitaja, nimehama. Sahii nina filta mbili za kutenga maji zenye bakuli la kuona ndani, moja ikiziba nageuza koki naendelea na safari, na kila mwezi namwaga lita moja kutoka chini ya tenki. Pampu ya nozeli inalainishwa na dizeli yenyewe, ukiipa maji umeiua.

Ya pili ni ile raba inayozunguka (impela) ndani ya pampu ya maji chumvi ya kupoza injini. Badilisha kila mwaka hata kama inaonekana nzima, na ikikatika usitie mpya tu ukaondoka, tafuta vipande vyote, vyangu viwili vilikwenda kujificha kwenye kipoza maji na joto likasumbua mwezi mzima.

Spea ndio raha yake. Hii injini ni ndugu ya trekta, Massey Ferguson za zamani zilifungwa hii hii, kwa hivyo ringi, gasketi, nozeli naletewa na basi kutoka Nakuru. Muuzaji huniuliza trekta yako inalima nini, namwambia chumvi. Lakini vya baharini, kipoza maji, manifoldi, ile pampu ya chumvi, hivyo hakuna duka la trekta litakusaidia, ni Uingereza na kusubiri. Kona ya eksozi nilichongewa Mombasa kwa chuma kisichoshika kutu, nikafurahi sana, maana ikitoboka kwa ndani maji yanaweza kurudi mpaka kwa silinda.

Oili zinadondosha kidogo huko nyuma, uzee huo, nimeweka sinia.

Kama unataka kununua boti ya hivi, usimwambie muuzaji saa utakayofika. Fika asubuhi, kabla hajawasha chochote weka mkono juu ya injini. Ukiikuta ina joto, muulize alikuwa anaipasha ya nini.