Rebel 250 ya mtumba: uzoefu wangu baada ya msimu mmoja

Mimi ni mfupi, na pikipiki nyingi nilizojaribu kuzikalia hapa Minneapolis ziliniacha nikigusa chini kwa ncha za vidole. Honda Rebel 250 ndiyo iliyonikubali. Kiti chake kiko sentimita 68 hivi kutoka ardhini, uzito wake kama kilo 150, na nyayo zangu zote mbili zinakanyaga lami. Hapa Marekani toleo la mwisho ni la 2016, kwa hiyo karibu zote utakazokutana nazo zimeshatumika.

Yangu ni ya 2008. Muuzaji, mzee mmoja mpole, aliitangaza kwa dola 1,800, ikiwa imetembea maili 2,900 tu. Nilikwenda na kaka yangu, aliyeendesha bodaboda Tanga kwa miaka sita. Kabla hata hajaizunguka, alisogeza kiganja kwenye injini. Ilikuwa ya baridi. "Ukiikuta ya moto, mdogo wangu, ujue imeshawashwa usije ukaona inavyosumbua kuwaka," akaniambia.

Kisha akafungua tangi, akanusa. Petroli ilinuka kama vanishi. Tairi zilikuwa na kashata nzuri kabisa, lakini zile tarakimu nne za ubavuni zilisomeka 3107, yaani zilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2007. Mpira ulikuwa mkavu kama ubao! Hapo ndipo nilipoelewa kwamba maili chache nilizozifurahia zilikuwa ni miaka ya kusimama gereji. Mzee alishuka mpaka 1,300. Fundi alisafisha kabureta iliyoziba, tukaweka tairi mpya na betri, nikamaliza dola 430 zaidi. Panga bajeti yako hivyo tangu mwanzo.

Barabarani ninaipenda mno. Klachi ni nyepesi, gia tano zinaingia bila kugombana, na kona za polepole, zilizonitoa jasho kwenye darasa la kujifunza pikipiki, sasa nazikata nikiwa nimetulia. Haina geji ya mafuta. Siku ya kwanza ilipozima kwenye Lake Street nilishikwa na hofu, mpaka nikakumbuka koki ya kufungulia mafuta ya akiba chini ya tangi.

Barabara kuu siipeleki. Ikifika maili 65 kwa saa injini inalia kwa nguvu, na upepo wa malori unanisukuma.

Mwezi wa kumi na moja, kabla ya kuihifadhi kwa majira ya baridi, nilijaza tangi, nikatia dawa ya kutunza petroli, nikaingiza betri ndani. Kaka ameshauliza kama nitaiuza nichukue kubwa zaidi. Nimemwambia hapana.