Shira ya Kaimati Juu ya Wafo: Chupa za Dukani Nimeachana Nazo

Mambo vipi watu wangu, karibuni tena jikoni. Leo salamu fupi, wafo, ile keki bapa yenye vishimo, iko kwenye mashine na taa ikizima tu nakimbia. Mashine yenyewe siigusii, nilishaichambua video iliyopita hadi mkanichoka. Leo ni vya kumwagia juu. Na nianze na hasira zangu.

Mnaiona hii chupa ya sosi ya wafo? Shilingi 18,000. Nimeinunua kwa sababu ya hili jani jekundu la mti wa mepo lililochorwa hapa mbele, sikufichi. Nafika nyumbani, navaa miwani, nasoma nyuma: glukosi, maji, rangi, ladha. Basi! Jani limeishia kwenye karatasi.

Sharubati ya mepo ya kweli naiheshimu, jamani. Kule Quebec, Kanada, wanatoboa mti baridi inapokaribia kuisha, wanakinga maji yake kama mgema anavyokinga tembo, halafu wanachemsha weee. Karibu lita 40 za maji ya mti zinatoa lita 1 tu ya sharubati. Kitu cha jasho namna hiyo hakiwezi kuwa hiki. Hiki kinanukia kama dawa ya kikohozi.

Haya, wafo ya kwanza hii hapa. We mdogo wangu, sogeza kamera, shuka chini, hapo hapo. Namwaga ya chupa. Ona sasa. Vishimo vya juu vimebaki vitupu, yote imekimbilia kwenye sahani, na wafo imelowa chini kama mandazi yaliyosahaulika kwenye chai. Vishimo hivi kazi yake ni kushika sosi! Sosi isiyokaa kwenye kishimo ni ya nini?

Ndiyo nikamkumbuka bibi yangu Tanga. Mwezi wa Ramadhani, sufuria ya kaimati, na pembeni shira. Tangu lini tumekosa sosi ya kumwagia vitu vya unga, wenzangu? Shira tunayo siku zote.

Twende. Sukari kikombe 1, maji nusu kikombe, hiliki punje 4 nimezitwanga hapa hapa, za unga wa pakiti zimeshapoa harufu. Moto wa kati. Koroga mpaka sukari iyeyuke, ikishaanza kuchemka weka mwiko chini, usiguse tena. Ukiendelea kukoroga, sukari inajirudi chenga chenga, na utanilaumu mimi. Kamulia matone ya ndimu, manne matano, yanasaidia isigande.

Sasa hapa naomba utulivu, hata wewe unayetazama huku unapika ugali, punguza moto uje. Nadondosha tone kwenye kisosi kilichotoka kwenye friji. Usichovye kidole sufuriani, shira inaunguza kuliko maji ya moto na inang'ang'ania ngozi. Subiri ipoe kidogo. Naibana kati ya dole gumba na cha shahada, naachanisha taratibu... unaona? Inanata, lakini haijavuta uzi. Kwa wafo, shira tupu unaishia hapa, maana ikipoa itajiongeza uzito yenyewe. Dakika mbili zaidi... njoo karibu na kamera... uzi huo! Mwembamba kama wa buibui. Hii sasa ndiyo ya kaimati, inashika nje, inakauka, inakuwa nyeupe. Ukiimwaga kwenye wafo utakula pipi.

Lakini mimi nimeuachia uzi makusudi, kwa sababu namtia mgeni rasmi: kasimile. Tui lile la kwanza, zito, nazi moja nimekuna mwenyewe kwa mbuzi, mgongo unauma bado. Jana nilitia tui kabla ya uzi, nikapata uji wa nazi. Tui linalegeza shira, kwa hiyo lazima shira iwe imekaza kwanza. Punguza moto mpaka karibu uzimike, mimina nusu kikombe kidogo kidogo, itafura, usiogope. Halafu usiikoroge kama unapiga mayai. Teka kwa upawa, mimina, teka, mimina. Moto ukiwa mkali tui linakatika, unabaki na mafuta juu na machicha yasiyoeleweka chini. Chumvi, ncha ya kijiko tu. Hiyo chumvi ndiyo inayonifanya nilambe sufuria.

Wafo ya pili. Nimeiweka kwanza kwenye waya ili mvuke utoke, ukiilaza kwenye sahani ya moto inalainika. Shira nayo iwe vuguvugu, si ya kutokota. Namwaga... Jamani. Jamani! Kila kishimo kimejaa na hakuna iliyokimbia. Igeuze, mdogo wangu, waone chini: kavu! Sikia inavyolia ninapokata. Mmesikia? Naomba mniache kidogo nitafune.

Mmm. Haya, tuendelee, nilitaka kusema nini? Eh, vya kumwagia vingine navyo nimevijaribu. Ukwaju na sukari guru: mwanzo nilisema hapana, kali mno. Ila sasa hivi, baada ya hii shira tamu, nikiuonja tena... mbona mzuri? Basi weka nukta, ukwaju kijiko kimoja juu ya shira, nimebadili mawazo mbele yenu. Embe dodo lililoiva sana, lisage na ndimu, usilipike, linatosha. Unga wa ubuyu nimeufeli, unakauka mdomoni kama chaki. Karanga zilizosagwa ni tamu ila nzito, ukila wafo moja unatafuta kitanda. Najua kuna chaneli moja inasema karanga ndiyo mfalme, siwataji, tunapendana, ila hapana. Asali ya nyuki wadogo, ile nyembamba yenye uchachu kwa mbali, hiyo siwezi kuisema vibaya, kwa bei tu. Na asali mtoto hajafika mwaka usimpe, hata ya kulamba.

Kuna aliyeniuliza wiki iliyopita: mbona Wabelgiji wanakula wafo bila sosi? Hapo unazungumzia wafo ya Liège, mji wa kule kwao. Ile ina chenga kubwa za sukari ndani ya kinyunya, zinayeyuka kwenye chuma na kuwa karameli, sosi imeshaingia. Ya Brussels ndiyo nyepesi yenye vishimo virefu, na iliyowapagawisha Wamarekani kwenye maonyesho ya New York mwaka 1964 ilikuwa na krimu na stroberi. Ya kwetu haina sukari ndani, ndiyo maana naipigania shira hivi.

Bei? Sukari kikombe, nazi, hiliki, ndimu: mimi imenigharimu kama shilingi 2,800, na nimejaza chupa ya jamu. Ya tui inakaa friji siku tatu, nne mwisho. Shira tupu inakaa zaidi, ila kwangu haijawahi kupata nafasi ya kukaa.

Halafu habari za chaneli, haraka: tumebakiza watu 300 kufika 10,000. Jiunge, bonyeza kengele, mwambie na shemeji yako. Tukifika nafanya kaimati na wafo meza moja, na bibi mwenyewe nitampigia video atuhukumu. Wiki ijayo kulikuwa na blenda, lakini imegoma hata kuwaka, kwa hiyo... Eh! Umeona? Taa imezima.

Siyo ya mashine, ni ya nyumba nzima. Umeme umekatika, na wafo ya tatu iko mle ndani nusu mbichi. Mdogo wangu, kamera ina chaji? Endelea basi. Shira bado ya moto. Nenda kabatini, kuna mkate wa jana.