Eko na MRI ya moyo: uzoefu wangu

Kaka yangu aligundulika ana ugonjwa wa kurithi wa misuli ya moyo kuwa minene, na daktari wake akatutaka ndugu wote wa tumbo moja tukapimwe. Mzazi mwenye jeni hiyo, kila mtoto wake ana uwezekano wa asilimia 50 kuirithi.

Eko yenyewe, yaani kupima moyo kwa mawimbi ya sauti (ultrasound), ni nyepesi. Unavua shati, unalalia ubavu wa kushoto, unapakwa jeli ya baridi, kisha mpimaji anakandamiza kifaa katikati ya mbavu hadi unakunja uso. Haina mionzi. Ila inategemea sana mkono wa anayepima. Hospitali ya kwanza (siitaji) walinipa karatasi iliyoandikwa "moyo uko sawa", basi, hakuna hata namba moja! Kwa mtu mzima, ukuta wa moyo ukifika milimita 15 bila sababu nyingine kama presha, huo ni ugonjwa. Sisi wenye ndugu mgonjwa, hata 13 inatosha. Bila namba utajuaje?

ECG yangu (kipimo cha umeme wa moyo) ilikuwa na mawimbi yaliyopinduka, kwa hiyo daktari wa moyo hakuridhika, akaniandikia MRI, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili. Bei inauma, na bima ilinizungusha sana. Kwanza wanapima figo, kwa sababu utachomwa mshipani gadolini, dawa ya kung'arisha picha. Mle ndani kelele ni za karakana ya bati, na sauti inakuamuru: vuta pumzi, toa, bana. Anayeogopa sehemu finyu aseme mapema.

Lakini picha zake, jamani! Unene ulikuwa kwenye ncha ya moyo, mahali ambapo eko hupakosa kirahisi. Daktari alinionyesha kwenye skrini: msuli wenye afya ni mweusi, na ndani yake kovu dogo jeupe. Kovu ni mojawapo ya vitu wanavyotumia kukadiria hatari ya moyo kusimama ghafla. Langu halijafikia kuwekewa kifaa cha kushtua moyo.

Sasa narudia eko kwa mpimaji yuleyule, ili namba zilinganishwe. Wanangu ni vijana, wanapimwa kila baada ya mwaka mmoja au miwili hata majibu yakiwa safi, maana misuli inaweza kunenepa wanapokua.

Ukienda, omba upimwe pia ukiwa umesimama na ukiwa umejikaza tumbo. Damu kukwama njiani kutoka moyoni mara nyingine hakuonekani ukiwa umelala umetulia.