Krimu za pumu ya ngozi kwa mtoto: angalia mdomo wa kopo kabla hujaangalia jina

Mwanangu wa pili ana pumu ya ngozi, ile wanayoiita eczema, tokea miezi minne. Ilianza mashavuni, ikashuka kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, sasa ana miaka miwili na nusu na bado kuna usiku anajikuna mpaka shuka inapata damu. Mwaka jana wakati wa kaskazi nlinunua krimu ya bei kubwa hapa Chake Chake, shilingi 38,000, kopo kubwa la mdomo mpana kama bakuli, muuzaji kanambia hii ndo wanayotumia Ulaya. Wiki ya mwanzo ngozi ilitulia kweli. Wiki ya tatu nyuma ya goti pakaanza kutoka maji ya manjano, yakaganda rangi ya asali, mtoto homa, hataki kuguswa wala kuvalishwa. Nkamchukua hospitali na kopo langu mkobani nkijua daktari atataka kuona jina. Hakutaka jina. Aliniuliza, "Mnachota na nini?"

Nkanyamaza, mana jibu nalijua. Kwetu kopo la mafuta ni la nyumba nzima. Bibi yake anachota akitoka jikoni kuparua samaki, dada yake akirudi chuoni, madrasa, anachota, mimi mwenyewe nachota nkitoka kumbadilisha nepi na mkono nimesuuza maji matupu. Kila kidole kinaingia na chake na kila usiku tunampaka mtoto vyote hivo kwenye ngozi ilopasuka.

Tokea siku hiyo nikinunua krimu ya mtoto naangalia kwanza inatokaje kwenye chombo chake. Mama wenzangu wengi mumeniandikia inbox mkiniuliza ipi nzuri, na karibu wote munaniuliza jina tu au bei tu, na wawili mumenambia mtoto ametoa usaha na mukadhani krimu imemkataa. Inawezekana haikumkataa. Ngozi ya pumu haina utando mzima wa kuzuia vitu, ina nyufa ambazo kwa macho hazionekani, na kuna bakteria anaitwa stafilokoki ambae kwa watoto wengi wenye maradhi haya keshakaa juu ya ngozi anangoja nafasi tu. Krimu nayo ina maji ndani yake. Wanatia vitu vya kuzuia isiharibike, sawa, lakini havikutiwa vipigane na vidole vya watu saba kila siku kwenye chumba chenye joto la Pemba na unyevu wake.

Kwahivo mpangilio wangu uko hivi, na mambo ya umri na aina za ngozi siyaandiki, yameandikwa sana. Kitu kimoja tu nikiseme mara moja: isiwe na manukato, hata kama kopo lina picha ya mtoto mchanga na limeandikwa laini kwa ngozi ya mtoto. Sisi tunapenda mtoto anukie, nafahamu, na mimi napenda, lakini mwenye pumu ya ngozi anukie maji na krimu isiyo na harufu basi.

Ya kwanza kwangu ni QV Cream ile ya pampu, gramu 500. Inatengenezwa Australia, na mimi nimeijulia kwa mjomba alopo Muscat, kule na Dubai inapatikana kwenye maduka ya dawa. Ina glisirini na parafini (mafuta ya jamii ya Vaseline, siyo ya taa), haina manukato, haina rangi. Napendea nini? Napendea pampu. Unabonyeza inatoka, hakuna mkono unaoingia ndani, hata bibi yake akiwa na haraka hawezi kukosea. Halafu haigandi mwilini, tunampaka asubuhi na nguo za chuoni anavaa bila ya kunata, na wakati wa joto halii kwamba anachomwa kama alivyokuwa akilia na ile ya kopo. Nimetumia chupa kumi na moja mpaka sasa, mimi ni mtu wa QV na sifichi. Tatizo lake moja, ikikaribia kwisha pampu haifiki chini, inabaki nyingi tu. Usiitupe, na usiikate halafu ukatia kidole. Mimi naikata kwa kisu nlichokitia maji ya moto, nachota na kijiko kisafi, namaliza siku hiyohiyo au ya pili.

Ya pili CeraVe ya pampu, au ya tyubu. Hii ina seramaidi, ndo mafuta yale ambayo ngozi ya hawa watoto inayapungukia, na wifi yangu wa Unguja anaisifu sana kwa mwanawe. Ukiipata ya pampu kwa bei ya maana kuliko QV, chukua, sitokugombeza. Ila krimu hiyohiyo ya kopo la duara mimi naishusha mpaka mwisho, jina liwe lolote. Ukishakuwa nalo nyumbani na huna namna, basi kijiko kimoja cha chuma kiwe chake, kioshwe kila siku, chota kiasi cha kupaka weka kwenye sahani safi, funga kopo, ndo upake kutoka kwenye sahani. Ukirudisha mkono koponi kuongeza, kazi yote imeharibika.

Vaseline ya kawaida isiyo na harufu, siyo ile ya watoto inayonukia poda, ni ya bei rahisi na haina maji ndani kwahivo bakteria hawaipendi kama krimu. Kuna watoto inawatosha. Wangu wakati wa kaskazi jasho linakaa chini yake anawashwa zaidi, kipupwe inamfaa. Na kijiko ni palepale.

Sasa kiasi, mana hapa ndo watu wanapoteza pesa. Mtoto mwenye pumu ya ngozi ilosambaa madaktari wanasema atumie gramu 250 mpaka 500 kwa wiki. Kwa wiki! Ukinunua katyubu ka gramu 50 ni chakula cha siku moja na nusu au chini ya hapo. Ndo unasikia mama anasema nimejaribu zote hazifanyi kazi, kumbe kampaka mtoto kama anampaka wanja. Gawanya bei kwa gramu kabla hujalipa, mara nyingi utaona ile chupa kubwa ya pampu ilokutisha bei ndo rahisi kuliko vityubu. Paka mara mbili tatu kwa siku, na baada ya kuoga usisubiri, maji yawe vuguvugu, dakika tano mpaka kumi, mfute kwa kumgusagusa na taulo usimsugue, halafu paka ngozi ikiwa bado ina unyevu. Unapaka kwa kushuka kufata malaika, vile vinyweleo vya mwili, husugui.

Visivyoingia kwangu. Ile krimu inayoitwa aqueous, inauzwa rahisi na watu wanapewa wampake mtoto wakae nayo mwilini. Ina kitu cha kutoa povu kama cha sabuni, na wasimamizi wa dawa Uingereza walishatoa tahadhari mwaka 2013 kwamba inaweza kumuwasha mwenye pumu ya ngozi, hasa mtoto. Mafuta ya zeituni najua nitaudhi watu, kunywa na kulia mkate ni baraka, lakini uchunguzi ulofanywa umeonesha yanadhoofisha utando wa ngozi, kwa mtoto huyu siyo. Mafuta ya karafuu wala mdalasini usijaribu hata tone, yanachoma. Na zile sabuni za mwani zenye viungo wanazouziwa wageni, sabuni ni sabuni, ngozi ya mtoto haitaki ukali wake.

Na kuna tyubu ndogo za bei rahisi mno ambazo mtoto anapona siku mbili. Hizo zikutie wasiwasi. Soma kwenye boksi, ukiona limeandikwa clobetasol au betamethasone hiyo ni steroidi kali, dawa ya kutuliza uvimbe na mwasho wa ngozi, si kitu cha kununua kwa kuambiwa na jirani ukampaka mtoto usoni. Steroidi nyepesi daktari akikuandikia kwa mwanao mpake kama alivyokwambia, wala usiogope ukaacha katikati, mimi nliogopa mara ya mwanzo na mtoto akateseka bure. Lakini muuzaji si daktari.

Wauzaji. Hapa nina donge. Nimeingia duka, nkaomba krimu, kijana kafungua kopo mbele yangu akatia kidole akanusa akanambia, "Hii safi dada." Yaani alotia kidole ni yeye, na kabla yangu sijui wangapi wamekwisha kuchovya, halafu nilipe pesa kamili. Kuna wanaonunua kopo kubwa soko la Darajani kule Unguja wakalipima kwenye vikopo vidogo visivyo na lebo wala tarehe, wanakwambia ni ileile. Ileile vipi na mkono ulopima siujui? Kuna walobandika stika ya bei juu ya tarehe ya kumaliza muda, ukiibandua wananuna. Mimi sasa nabandua hapohapo dukani. Natazama na kile kialama cha kopo lilofunguliwa chenye namba kama 12M, maana yake ikishafunguliwa ina miezi 12, na kama karatasi ya chini ya mfuniko imetoboka au kizuizi cha pampu kimekwishazungushwa narudisha, sichukui hata kwa nusu bei.

Bei nazo jamani. Chupa ya QV alonunua wifi yangu Unguja, ileile, hapa kwetu ikaongezwa karibu theluthi, nkauliza kwanini nkaambiwa mzigo umepanda meli. Mchele nao umepanda meli, mbona haukuongezwa theluthi? Mama wa Pemba mwenye mtoto anaejikuna usiku kucha atalipa tu, na wao wanajua atalipa. Sisi wanne wa mtaani sasa tunachanga, mtu akienda mjini anakuja na chupa nne za pampu zilofungwa, na mjomba akija kutoka Muscat analeta sita. Kama una jamaa huko, hii ndo zawadi ya kuagizia, si manukato.

Goti likitoa maji ya manjano, au vipele vya maji vinavyouma vikatoka kwa ghafla pamoja na homa, usibadilishe krimu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na mtu mwenye vidonda vya homa mdomoni asimbusu, awe ni nani, mana ndo vinavyoambukiza vipele hivo vya maji.

Jambo la mwisho ni la chetezo, kile cha kuchomea udi. Krimu na mafuta haya yenye parafini yakikauka kwenye nguo na shuka, nguo inashika moto haraka, na kufua hakuyatoi yote. Sisi nguo tunazifukiza udi, mtoto analala karibu na jiko la makaa linapopikwa usiku wa Ramadhani. Nguo za wangu hazipiti tena kwenye tege la kufukizia, naanika juani basi, na moshi wenyewe wa udi unamuwasha, kwahivo siku tukichoma ukumbini yeye yupo uani na dada yake.