Mwongozo wa Kununua Fremu na Ringi za Kuungia Baiskeli ya Mjini

Mwaka jana nilinunua kwa muuza vyuma chakavu mmoja hapa Tanga fremu ya baiskeli ya mtumba kutoka Japani, pamoja na ringi zake mbili zisizo na tairi. Fremu ilikuwa imenyooka na kutu yake ilikuwa ya juu juu tu. Ringi zilikuwa za inchi 26, kwa hiyo nikaenda Ngamiani nikanunua tairi la 26. Fundi alilianika juani, akalipaka sabuni, akalivuta kwa spana mbili, na jioni akanirudishia likiwa limepinda waya wa ukingoni. Nilipolirudisha, mwenye duka alinionyesha maandishi ya chini ya risiti kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kisha akasema, “Dada yangu, ishirini na sita ni ishirini na sita.”

Si kweli, na jambo hilo moja ndilo linalowaharibia kazi watu wengi wanaounga baiskeli kwa vipuri vikuukuu. Ubavuni mwa tairi huwa kuna namba nyingine ndogo, mathalani 37-590 au 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, na zile tatu za mwisho ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi. Baiskeli nyingi za mjini kutoka Japani zina tairi la 26 x 1 3/8, ambalo ni 590, ilhali tairi pana la baiskeli za milimani, 26 x 1.75, ni 559. Tofauti ni milimita 31, na hakuna sabuni itakayoimaliza. Ikiwa ringi haina tairi wala namba, pima kwa futi kutoka ukingo hadi ukingo: ile ya kwanza itakupa karibu sentimita 60, na ya pili karibu 57.

Kwa sababu hiyo nazipanga fremu kwa tairi na matengenezo yake, na sitasema lolote kuhusu rangi, uzito wala idadi ya gia. Mji wetu ni tambarare, na upepo wa chumvi unazila gia kabla mwenyewe hajazizoea.

Fremu ninayoiweka ya kwanza ni ya Phoenix, ile nyeusi ya Kichina ya inchi 28, na sioni haya kukiri kwamba naipendelea. Tairi lake ni la 28 x 1½, yaani 635, na hapa kwetu sijawahi kulitafuta nikalikosa. Krenki zake, yaani mikono inayobeba pedeli, hushikwa kwa pini ambayo fundi yeyote huigonga kwa nyundo akiwa amechuchumaa kivulini, na bomba likikatika huchomelewa kwa sababu ni la chuma. Hata hivyo, namba 28 nayo ina mtego wake, kwani baadhi ya ringi za mtumba zinazoitwa 28 ni za 622 na haziwezi kulipokea tairi hilo. Isitoshe, breki za fimbo za Phoenix hubana ringi kwa upande wa ndani, kwenye spoku, si ubavuni. Ukiiwekea ringi ya aluminiamu yenye mbavu bapa, mpira wa breki hautapata mahali pa kushika, nawe utasimama kwa kandambili.

Hero na Avon za India hutengenezwa kwa kipimo hicho hicho cha 635, na aliyepata fremu yake nzima hana sababu ya kuikataa; ni mapenzi yangu tu yanayoziweka nyuma. Ya Kijapani naiweka ya tatu kwa masikitiko, maana bomba lake lililoshuka katikati linamfaa sana anayevaa baibui au gauni, na mara nyingi huja na kikapu pamoja na kufuli la gurudumu la nyuma. Ila usiilipie kabla hujalishika mkononi tairi lenye 590. Zile za bei rahisi zenye springi katikati na stika za mashindano sizipangi popote.

Ukinunua habu, yaani kitovu cha gurudumu, na ringi kila kimoja peke yake, hesabu matundu ya spoku. Baiskeli za mtindo wa zamani wa Kiingereza huwa na matundu 32 mbele na 40 nyuma, na nyingi za mtumba zina 36 kote. Habu ya 36 haiingii kwenye ringi ya 40, hata muuzaji akuapie vipi.

Na wataapa. Wauzaji hawa huivunja baiskeli nzima, wakauza fremu mahali pake, ringi mahali pake na kengele mahali pake, hadi jumla inapita bei ya baiskeli yenyewe kabla haijaguswa. Bomba lililochomelewa hupakwa rangi nyeusi mbichi ili mshono usionekane. Pitisha ukucha chini ya kiti na pale fremu inapokutana na foko, yaani uma unaoshika gurudumu la mbele, utauhisi. Niliponunua Phoenix yangu, muuzaji alitaka kunitajia bei ya fremu kwanza na ya magurudumu baadaye. Nilikataa kuzungumza bei hadi alipovalisha tairi la nyuma mbele yangu na kulijaza upepo, na ilimchukua dakika kumi akinung’unika kwamba wanawake wa siku hizi wana mambo mengi.