Thailand kwa Wapenzi wa Jinsia Moja: Tathmini ya Bangkok, Chiang Mai na Visiwa vya Kusini

Msafiri anayempenda mtu wa jinsia yake hubeba swali ambalo wasafiri wengine hawalijui: nitakapofika mapokezini na mwenzangu, nacho chumba tulichokilipia kina kitanda kimoja, tutapokewaje? Kwa kigezo hicho, Thailand ndiyo nchi ninayoiweka mbele ya jirani zake wote wa Kusini Mashariki mwa Asia. Mimi na mwenzangu tulianzia Bangkok, tukapanda kaskazini hadi Chiang Mai, kisha tukashuka visiwani, Ko Samui na Phuket, na katika mahali pote tulipolala, isipokuwa mahali pamoja tu, tulikabidhiwa ufunguo bila swali wala kutupiwa jicho. Utulivu huo ndio ninaousifu kwanza, kuliko vilabu vya usiku ambavyo matangazo ya utalii huvitanguliza.

Utulivu huo sasa una sheria ya kuutegemea. Seneti ilipitisha muswada wa usawa wa ndoa tarehe 18 Juni 2024, mfalme akauridhia, na sheria ikaanza kutumika tarehe 23 Januari 2025, Thailand ikawa ya kwanza katika ukanda huo na ya tatu barani Asia baada ya Taiwan na Nepal. Siku hiyo zaidi ya jozi 1,800 zilisajili ndoa zao kote nchini, baadhi yake katika jumba la maduka la Siam Paragon mjini Bangkok. Mgeni naye anaruhusiwa kufunga ndoa huko, ila anatakiwa kuleta hati ya ubalozi wake inayothibitisha kwamba hana ndoa nyingine, na hapo ndipo wenzetu wengi wa Afrika Mashariki watakapokwama, kwa kuwa ni vigumu kutarajia ubalozi wa serikali inayoharamisha mapenzi hayo utoe hati ya kuyahalalisha. Anayekwenda kwa nia ya kuoana na ajue hilo kabla ya kununua tiketi.

Bangkok ndiyo kiini cha safari, na ingefaa ipewe siku nyingi kuliko kituo kingine chochote. Kutoka uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi, treni ya mjini hukufikisha Phaya Thai kwa baht 45, na hapo unaunganisha na BTS, treni ya juu, hadi kituo cha Sala Daeng. Hapo umefika Silom, mtaa wa mabenki na maofisi mchana, ambao jioni vichochoro vyake viwili, Soi 2 na Soi 4, hugeuka baraza la wapenzi wa jinsia moja. Soi 4 ni pa kukaa: meza ziko nje, watu hula, huzungumza na kutazama wapitao, na katika baa ya The Stranger wasanii wa kiume waliovalia kike huimba na kucheza kwa ustadi unaostahili kiingilio. Soi 2 ni pa kucheza dansi, na ukumbi wa DJ Station ndio wenye jina kubwa kuliko zote. Nilipapenda zaidi Soi 4, kwa sababu pale mtu mzima anaweza kukaa na soda yake saa tatu nzima asisukumwe wala kushawishiwa. Mitaa ya Patpong iliyo jirani ni habari nyingine. Wapiga debe wanaokualika kupanda ghorofani kutazama maonyesho wana sifa mbaya ya kumletea mgeni hesabu asiyoitarajia, na sioni sababu ya kuwafuata.

Kasoro moja ya Silom ni kwamba ni mtaa wa wanaume. Mwanamke anayependa wanawake atakaribishwa, lakini hatakuta mengi yaliyoandaliwa kwa ajili yake. Faraja yake ataipata katika maisha ya kawaida ya jiji: Wathai wana wanawake waitwao tom, wanaovaa na kukata nywele kiume, pamoja na wapenzi wao waitwao dee, na utawaona kwenye treni, madukani na katika migahawa ya maduka makubwa wakiishi bila kujificha. Kwa maoni yangu, kuwaona hao siku ya kazi, saa sita mchana, kunaeleza mengi kuhusu nchi kuliko ukumbi wowote wa muziki. Anayependa shamrashamra achague mwezi Juni, kwa kuwa maandamano ya fahari, ambayo wapenzi wa jinsia moja hujitokeza hadharani kwa shangwe, yalirejea mwezi huo kwa kishindo mwaka 2022 na gavana wa jiji, Chadchart Sittipunt, akajitokeza kuyaunga mkono.

Lipo jambo ambalo miongozo iliyoandikwa na Wazungu hailitaji. Msafiri mweusi hupokewa vizuri akiwa mpenzi wa jinsia moja, lakini si kila mara akiwa mweusi. Mlangoni mwa ukumbi mmoja tulidaiwa pasipoti halisi na kuulizwa maswali, ilhali vijana wa Kizungu waliotutangulia walipita kwa tabasamu. Hatukufukuzwa, na ndani tulihudumiwa kwa adabu, lakini jambo hilo liliniuma na sitalifunika. Tembea na pasipoti au nakala yake safi, kwa sababu hata barabarani unaweza kuombwa.

Huduma za afya ni sababu nyingine ya kuusifu mji huu. Kliniki ya Msalaba Mwekundu wa Thailand kwenye Barabara ya Ratchadamri hupima VVU bila kudai jina lako, na hutoa dawa za PrEP, zile za kujikinga kabla ya kukutana na hatari. Kwa mtu aliyezoea kupunguza sauti mbele ya mhudumu wa zahanati ya kwao, kuulizwa maswali ya kitabibu tu, bila mawaidha, ni jambo la kumtia machozi.

Kwenda Chiang Mai, panda treni ya usiku kutoka kituo kipya cha Krung Thep Aphiwat. Inaondoka jioni na kufika asubuhi baada ya saa kama 13, na kitanda cha daraja la pili hugharimu takribani baht 1,000. Vitanda vya daraja hilo vimepangwa kimoja juu ya kingine na kila kimoja kina pazia lake, kwa hiyo suala la nani analala na nani halipo kabisa. Mji wenyewe ni wa mahekalu, mikahawa na watu wapole, na maisha yake ya usiku ni madogo. Ila usiupite kwa haraka, kwa kuwa una historia ya kuifikiria. Tarehe 21 Februari 2009 maandamano ya fahari yalizuiwa hapa na umati wenye hasira uliowazingira waandamanaji, na ikachukua miaka kumi kamili, hadi tarehe hiyo hiyo ya mwaka 2019, ndipo waliporudi barabarani na safari hii wakapita salama. Ukarimu tunaoufurahia sisi wageni ulidaiwa na wenyeji kwa ujasiri mwingi. Ndani ya mji, magari mekundu ya abiria yaitwayo songthaew hukuchukua kwa nauli ndogo, nayo yanatosha kwa kila shughuli.

Ko Samui ndicho kisiwa ninachowapendekezea wawili wanaotaka kupumzika. Ndege za kwenda huko ni ghali, maana uwanja wenyewe ni mali ya shirika la Bangkok Airways. Njia ya bei nafuu ni treni au ndege hadi Surat Thani, basi hadi bandari ya Don Sak, kisha feri ya kama saa moja na nusu. Tulikaa upande wa Lamai, ambako pwani ni tulivu kuliko Chaweng, na tulikula samaki wa kuchoma na mchuzi wa tui bila kuona haja ya kwenda popote. Hapa kisiwani ndipo tulipokuta ile nyumba ya wageni moja iliyotuharibia hesabu: tulikuwa tumelipia kitanda kimoja, mhudumu akatupa chumba cha vitanda viwili na kushikilia kwamba hakuna kingine. Tulipoonyesha uthibitisho wa malipo alibadilisha, akaomba radhi. Ninashuku alidhani anatusetiri, lakini mteja aliyelipa hahitaji kusetiriwa, na ninashauri kila mtu aandike ombi la kitanda mapema, kwa maneno yaliyo wazi.

Phuket haikunivutia kwa kiasi hicho. Mtaa wa Patong una eneo liitwalo Paradise Complex lenye baa za wanaume, pamoja na onyesho maarufu la Simon Cabaret linalochezwa na wanawake waliobadili jinsia. Onyesho ni la kifahari, na wachezaji wanastahili makofi yote wanayopigiwa. Hata hivyo, mtazamaji asidhani kwamba makofi hayo yamegeuka haki. Sheria ya Thailand bado haimruhusu mtu kubadilisha jinsia katika hati zake, kwa hiyo msanii anayepigwa picha na watalii usiku hubeba kitambulisho kinachomwita bwana, na akifikisha miaka 21 huitwa kwenye usaili wa jeshi pamoja na wavulana. Ukienda, lipa kiingilio, na ukipiga naye picha nje, mpe bakshishi yake bila ubishi, kwa kuwa hiyo ni sehemu ya riziki yake.

Si visiwa vyote vyenye tabia moja. Ko Lanta na Ko Yao Noi wakazi wake wengi ni Waislamu, na aliyekulia Lamu au Unguja atajua mara moja namna ya kuvaa na kukaa mbele za watu. Hakuna atakayekufukuza, lakini kushikana mikono hadharani hakufai huko. Hata Bangkok, Wathai wenyewe, wa jinsia zote, hawabusiani barabarani. Na anayepanga kuvuka mpaka wa kusini kuingia Malaysia akumbuke kwamba sheria ya adhabu huko bado inatia hatiani mapenzi ya jinsia moja. Njia hiyo ya reli ni nzuri, ila mwenendo lazima ubadilike ukishavuka.

Kwa wanaotoka kwetu, yako maandalizi yasiyokwepeka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kinadaiwa kwa abiria kutoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Tangu Mei 2025 kila mgeni hujaza fomu ya kuingia nchini kwa njia ya mtandao kabla ya kufika. Kubwa zaidi ni safari ya kurudi. Picha za Silom na programu za kutafutia marafiki ni furaha ukiwa Bangkok, ila zikiwa kwenye simu yako mbele ya ofisa wa nchi yenye sheria kama ile ya Uganda ya mwaka 2023, zinaweza kuwa ushahidi. Safisha simu kabla ya kupanda ndege, na usiwaweke wenzako mtandaoni bila ridhaa yao.

Kuhusu majira, pwani mbili za kusini hazinyeshewi wakati mmoja: Phuket hupata mvua kati ya Mei na Oktoba, Samui huloa zaidi Oktoba hadi Desemba. Kwa hiyo anayesafiri Julai au Agosti, likizo zinapokuwa ndefu, aende Samui na aiache Phuket. Anayesafiri Desemba afanye kinyume chake, asilale Patong bali achague pwani za Kata au Karon zilizo kusini yake, kisha aende Patong jioni moja kutazama onyesho na kurudi.